Nishikie Kidogo

Hasira hasara, wanasema watu, na bila shaka aliyeanza kusema hivyo hakuwahi kufanya kazi wodi ya mahututi chini ya matroni yule.

Wenzake walimwita Mama Pole. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mume, hakuwa hata na paka wa kufuga, lakini umama alipewa, na aliupata kwa mdomo wake mwenyewe. Siku zake za mwanzo wodini alifariki mzee mmoja, ndugu zake wakafurika koridoni wakitaka kumla daktari mbichi. Yeye akatoka, akawaambia poleni, akaongeza maneno ambayo baadaye hata mwenyewe hakuyakumbuka. Wakatulia. Wakakaa chini. Mmoja akamshika mkono akamshukuru. Matroni alikuwa amesimama mlangoni anaangalia, na tangu siku hiyo mambo yakawa yamekwisha: ndugu wakilia, aitwe Mama Pole. Na wodi ya mahututi haikosi ndugu wanaolia.

Kwa hiyo kazi ikagawanyika hivi. Wenzake walipewa wagonjwa waliolala fofofo, mipira kooni, mashine zikiwavutia pumzi, pampu za dawa zimepangwa kando ya kitanda. Yeye alipewa kitanda cha mlangoni, mgonjwa aliyekwisha kupona, anayesubiri kuhamishwa, anayeuliza chakula kinakuja saa ngapi. "Ili uwe huru kutoka," matroni alisema. Huru! Mbuzi aliyefungwa kamba ndefu naye yuko huru.

Lingekuwa jambo la kuchekesha kama asingeingia wodi ile kwa sababu moja tu. Alitaka kuwa muuguzi wa usingizi, yule anayekaa upande wa kichwa chumba cha upasuaji, anamlaza mgonjwa, anamlinda akiwa amelala, anamwamsha. Shule ya usingizi haiokoti wauguzi njiani. Inataka mtu aliyeivia mahututi, aliyeishika mashine ya kupumulia kwa mikono yake, aliyeongeza na kupunguza dawa ya presha akimwangalia mtu usoni. Na inataka mkuu wa wodi amdhamini, aseme ndiyo, huyu ameyafanya hayo na anaaminika. Angeweza kubaki wodi ya uzazi, ambako watu hushukuru. Angeweza kwenda kliniki ya watoto, ambako jioni ikifika unafunga mlango unaenda zako. Akachagua mahututi, macho makavu, wenzake wa zamani wakimwambia amelogwa. Sasa alikuwa wodini humo, na alichojifunza ni kusema pole kwa sauti za kila namna.

Sababu ya kuutaka usingizi ilikuwa nyumbani, imeketi kitini.

Mama yake hakulala kitandani. Alilala kitini, mgongo wima, taa inawaka hadi asubuhi. Zamani, binti akiwa bado shule ya msingi, mama alipasuliwa tumbo. Dawa ya kulegeza misuli ikamshika barabara, dawa ya usingizi ikamwachia katikati. Akawa macho. Hakuweza kufumbua jicho, hakuweza kukunja kidole, na kupiga kelele asingeweza kwa sababu hata pumzi haikuwa yake, ilikuwa ya mashine. Alikisikia kisu. Alimsikia daktari akimsimulia mwenzake habari za tairi bovu alilouziwa kwa bei ya zima. Machozi yakamtoka, na mtu fulani akayafuta kwa pamba, kwa upole kabisa, akasema, "Huyu macho yake yanatoa maji." Kazi ikaendelea.

Alipoamka akawaambia. Wakamwambia ni ndoto. Akawatajia lile tairi. Wakatazamana, wakacheka, wakasema dawa hizi bwana, zina mambo. Alirudi mara ya pili amevaa vizuri na nywele amesuka, ili wasimwone mwehu. Wakampa vidonge vya kutuliza akili.

"Sikutaka fidia mimi," mama alisema kila mazungumzo yalipofika hapo, na yalifika hapo mara nyingi. "Wala sikutaka mtu afukuzwe kazi. Nilitaka mmoja wao tu, mmoja, anitazame aseme, mama, hukuota. Basi."

Neno hilo basi ndilo lililomchoma binti. Yeye asingesema basi. Yeye alitaka kuichoma moto ile hospitali, na alipokua akasomea uuguzi, maana mambo yote mawili aliyafikiria na hili moja lilikuwa na ada nafuu.

Sasa asubuhi moja, wauguzi wamesimama duara wanagawiwa wagonjwa, matroni akafika kwake bila hata kuinua macho.

"Mama Pole, kitanda cha mlangoni."

"Hapana."

Peni ya matroni ikasimama. "Umesemaje?"

"Nimesema hapana, matroni. Mgonjwa wa mlangoni jana kanifunga drafti. Mtu anayenifunga drafti anaumwa nini cha kulazwa mahututi? Nataka mgonjwa. Nilikuja hapa kujifunza kazi, sikuja kuwa mpokea wageni wa msiba."

Kulikuwa na muuguzi mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hazimwi. Huyo akapiga mluzi chini kwa chini.

"Kwani kuongea na ndugu si kazi?" matroni akauliza.

"Ni kazi. Basi tuigawane. Leo mimi, kesho Redio."

"Redio? Huyu akatangaze kifo? Si ataanza na matokeo ya mpira?"

Duara zima likacheka, Redio mwenyewe akacheka kuliko wote. Mama Pole hakucheka.

"Chekeni. Nyie mtabaki mnacheka. Mimi shule ikiniita kwenye usaili ikaniuliza presha ikiporomoka nafanyaje, niwajibu nini? Niwaimbie pole?"

Matroni alikuwa mwanamke mpana, miguu imemvimba kwa kusimama, anaendesha wodi iliyohitaji watu mara mbili ya aliokuwa nao. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomuudhi Mama Pole zaidi, maana mtu mbaya unamchukia ukapumzika. Matroni akaandika.

"Haya. Chukua kitanda cha dirishani. Mwalimu wa udereva. Na ukimwua, kwa ndugu zake utaenda mwenyewe."

Mwalimu wa udereva alikuwa mtu wa makamo aliyeletwa na homa ya mapafu, kifua kimejaa, midomo imegeuka rangi. Nusu ya madereva wa mji walipita mikononi mwake, mkewe alisema kwa fahari. Hata Redio alipita, akafelishwa, na mpaka leo anatembea kwa miguu. Mwili wa mwalimu ulikuwa ukigombana na mashine, kila ikimpa pumzi yeye anairudisha. Kwa hiyo daktari aliagiza pampu mbili. Ya kwanza ilisukuma dawa ya usingizi, ya pili dawa ya kulegeza misuli, ili alale na pia aache kupigana.

Mama Pole alipoziona pampu hizo mbili mikono ilimsisimka. Hiki ndicho alichokifuata. Akajiwekea sheria yake: kabla ya kutazama kitu kingine chochote, tazama bomba la usingizi, ile sindano kubwa ya dawa iliyopachikwa kwenye pampu. Hilo likiisha na lile lingine likaendelea, unamzika mtu yu hai. Aliwaambia hivyo hata wenzake waliokuwa wodini kabla yake, kwa kidole, kwa ukali, mpaka Redio akamuuliza kama yeye ndiye aliyegundua dawa. Na alikuwa akimsemesha mwalimu, ingawa mwalimu alikuwa amelala. Mwalimu, nakugeuza upande wa kushoto. Mwalimu, nakusafisha kinywa. Mama yake hakuambiwa kitu na mtu yeyote siku ile, na yeye aliapa mgonjwa wake ataambiwa kila kitu.

Kwa siku kadhaa alikuwa mtu mwenye furaha. Alijifunza mlio wa mashine pumzi inapokwama na mlio wake mpira unapokunjika. Alijifunza kupunguza dawa ya presha kidogo kidogo, kama mtu anayepunguza chumvi bila mla kujua. Hata hasira zilimpungua. Alipokuwa akitoka zamu alitembea akijiambia, mwaka huu naomba shule, na mwaka huu nitakuwa na la kuwajibu.

Ndipo kitanda cha katikati akafariki mwanamke kijana.

Kilio kilianza koridoni, kikapanda, kitu kikagonga mlango, halafu tena. Matroni alikuwa na daktari kwenye kitanda cha marehemu. Akageuza kichwa.

"Mama Pole!"

"Nina mgonjwa, matroni."

"Dakika mbili tu. Watavunja mlango hao."

"Nina mgonjwa! Kwani humu ndani nina mdomo peke yangu?"

"Mama Pole, tafadhali." Matroni hakuwa na desturi ya kusema tafadhali.

Huko nje mwanamke mzima alikuwa akiita jina la mtoto wake, anarudia, anarudia. Mama Pole alitazama bomba la usingizi. Lilikuwa limebaki kidogo. Linatosha, alijiambia, nitalibadilisha nikirudi. Alikuwa amekasirika, na mtu akikasirika kichwani mwake hamkai mambo mawili. Akamgeukia Redio, aliyekuwa anapita.

"Nishikie kidogo."

"Nimeshika."

Nishikie ndilo lilikuwa neno la wodi ile. Maana yake ni kwamba niangalizie mgonjwa wangu, moyo wake na pumzi yake, kengele ikilia sogea. Kila mtu alilisema, hakuna aliyelifafanua. Ukianza kumweleza mwenzako kwamba bomba hili lina dawa kidogo na lile lifanyie vile, inakuwa kama unamwona hajui kazi, na hakuna anayetaka kumkosea mwenzake adabu mchana kweupe. Kwa hiyo unasema nishikie, unakwenda.

Pole haina dakika mbili. Mama wa marehemu alimkamata miguu kwa mikono yote miwili, akamng'ang'ania, na huwezi kumbandua mama wa marehemu miguuni kama mdudu. Mama Pole alichuchumaa pale sakafuni, akasema maneno yake, akanyamaza ilipobidi kunyamaza, mpaka ile mikono ikalegea yenyewe.

Aliporudi, Redio alikuwa amesimama pembeni ya mwalimu, kaipa mashine mgongo, simu sikioni.

"Friji nzima kabisa, kaka. Inagandisha vizuri. Upande mmoja tu ndio mvivu kidogo."

Kwenye pampu ya usingizi taa nyekundu ilikuwa ikiwaka na kuzima bila mlio. Mtu alikuwa amebonyeza kitufe cha kunyamazisha. Bomba lilikuwa tupu. Pampu ya pili ilikuwa inaendelea na kazi yake bila wasiwasi wowote. Mapigo ya moyo yalikuwa juu, presha juu, na kutoka kwenye pembe za macho ya mwalimu yaliyofumbwa maji yalikuwa yakishuka hadi masikioni.

"Mapigo yamepanda kidogo, nadhani ni homa," Redio akasema akishusha simu. Mkononi alikuwa na kipande cha pamba. "Na macho yake yanatoa maji. Nimemfuta."

Mama Pole alimsukuma pembeni. Mikono ilifanya kazi yenyewe, ikampa dawa ya haraka, ikaunga bomba jipya, ikafungulia pampu. Mdomo wake ulikuwa tayari kwenye sikio la mwalimu.

"Mwalimu, uko hospitali, mashine inakupumulia, hufi. Nakulaza sasa hivi. Nisamehe. Unasikia? Nisamehe."

Mapigo yakaanza kushuka.

Alimburuta Redio mpaka chumba cha mashuka machafu, akafunga mlango, akamwambia yote ambayo tangu utoto aliyaweka kwa ajili ya watu wa tairi. Alimwita muuaji. Alimwita mnyama anayeuza friji juu ya kichwa cha mtu. Redio alisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na mzaha.

"Kengele ilikuwa inalia, na kila pampu humu inalia siku nzima," akasema. "Nilibonyeza nikitegemea unarudi. Nimekosa, sikatai. Lakini bomba ulilionaje wakati unatoka?"

Mama Pole akaokota shuka lililoanguka, akalirudisha kwenye rundo.

"Uliliona linaisha. Ukaniambia nishikie. Hukuniambia linaisha."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mama Pole alikaa juu ya rundo la mashuka, na hasira ile kubwa, aliyoilea tangu mtoto, ikageuka ikamtazama yeye.

Matroni alimwita ofisini siku hiyo hiyo, akafunga mlango kwa mguu.

"Amekwisha kulala?"

"Amelala."

"Hatujui kama alikuwa macho. Na hata kama alikuwa, wengi hawakumbuki." Matroni alijishusha kitini, akavua kiatu kimoja. "Mimi ndiye niliyekuita, nalijua hilo. Sasa sikiliza. Shule inapokea maombi hivi karibuni. Nitakudhamini. Nitakudhamini vizuri, maana kazi umeifanya, nimekuona. Ila hili liishie humu. Likitoka, unaondoka wewe, anaondoka Redio, na mimi nabaki na vitanda vilevile na watu wawili pungufu. Nani atakufa kwa ajili hiyo? Si wewe wala mimi."

Mama Pole alinyamaza. Kunyamaza, kwa mtu anayeishi kwa mdomo, ni kutia sahihi.

Nyumbani hakusema. Mama aliuliza, "Mwanangu, mgonjwa wako wa udereva anaendeleaje?" Akajibu, "Anapata nafuu," akaenda kuoga.

Na kweli alipata nafuu. Kifua kikafunguka, dawa ya kulegeza ikatolewa, ya usingizi ikapunguzwa, siku moja mpira ukatoka kooni. Wodi nzima ikapiga makofi. Mama Pole alimhudumia kama kawaida, akamgeuza, akamfuta, akampa maji kwa kijiko, lakini hakutamka hata neno moja mbele yake. Alitingisha kichwa, alionyesha kwa mkono. Neno nisamehe alimwambia sikioni mwalimu akiwa macho, na yeye akifungua kinywa, mwalimu ataijua ile sauti.

"Sista huyu ni bubu?" mke wa mwalimu aliuliza.

"Ni mpole tu," matroni akasema.

Siku iliyofuata daktari alikuja na msafara wake kupitia wagonjwa. Mwalimu alikuwa ameketi, mito mgongoni, macho mekundu. Redio akapita na sinia la dawa.

"Wewe," mwalimu akaita kwa sauti iliyokwaruzwa na mpira. "Ile friji uliuza?"

Sinia likayumba. "Friji gani, mwalimu?"

"Inayogandisha upande mmoja."

Mtu mmoja kwenye msafara alicheka. Mwalimu hakucheka.

"Nilikuwa hapa hapa," akasema, akimgeukia daktari. "Siwezi kusogea, siwezi kupumua, na huyu anauza friji. Nikaita. Nikalia. Mtu akanifuta machozi, akaendelea na bei. Halafu sauti ya mwanamke ikaniambia nisamehe, nikajua basi, nimekufa, huyo ni malaika."

Daktari hakuwa mwongo. Hakuna aliyemwambia. Aliweka mkono begani kwa mwalimu, akatabasamu lile tabasamu lao.

"Mwalimu, dawa tulizokupa ni kali, zinaleta ndoto za ajabu. Huenda ulisikia neno moja likaingia ndotoni. Ni kawaida kabisa."

"Ndivyo ninavyomwambia, daktari," mkewe akadakia. "Lakini hataki kulala. Tangu juzi hataki taa izimwe. Hata kulala chali hataki, anasema nimkalishe hivi hivi, wima."

Mama Pole alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika kijiko. Matroni alimtazama juu ya mabega ya watu, na macho yake yalisema waziwazi: shule.

Mwalimu alimtazama daktari, akamtazama mkewe, akatazama ule msafara wa makoti meupe. Akachoka. Ilionekana jinsi alivyochoka.

"Labda ni ndoto," akasema. "Basi."

Basi. Neno lilelile.

"Hukuota, mwalimu," Mama Pole akasema.

Kichwa cha mwalimu kiligeuka polepole kuelekea ile sauti, na uso wake ukabadilika kabla hajasema kitu. Ameijua.

"Hukuota. Dawa yako ya usingizi iliisha na ile ya kukulegeza ikaendelea. Niliona inaisha nikatoka. Nilimwachia mwenzangu sikumwambia. Ulikuwa macho. Mimi ndiye niliyekuwa mlinzi wako na mimi ndiye niliyekuambia nisamehe."

Neno pole lilimjia hadi kwenye meno. Akalirudisha. Alilitumia sana, lilikuwa limechakaa, na mtu huyu alistahili kitu kisichochakaa.

"Niliita," mwalimu akasema. "Kwa kila kilichomo mwilini mwangu niliita."

"Najua."

"Hujui!"

"Sijui," akakubali.

"Gari langu lina breki mbili. Unajua kwa nini? Mwanafunzi akichanganyikiwa nakanyaga mimi. Siachi. Hata mtu aniite kwa jina la baba yangu, mguu siondoi. Wewe uliondoa mguu."

"Niliondoa."

"Toka. Usinishike tena mimi. Toka!"

Mkewe alikuwa ameanza kulia, amemshika mumewe kichwa, anasema, na mimi nilikwambia unaota, mume wangu, na mimi nilikwambia unaota. Daktari alikuwa amemgeukia matroni, na tabasamu lilikuwa limekwisha. Mama Pole aliweka kijiko juu ya meza, akatoka.

Matroni alimkuta koridoni, pale pale alipozoea kusimama akiwatuliza watu.

"Asante ya punda mateke," matroni akasema. "Nilikubeba, nikakusitiri, na mimi mwenyewe sasa naenda kujieleza. Shule sahau. Watakaponiuliza kama unaaminika kukaa na mtu aliyelala, niwaambie nini?"

"Waambie ukweli. Waambie niliondoka." Sauti yake ile ya kubembeleza haikuwepo. "Na waambie na aliyeniita. Waambie nilisema nina mgonjwa, nikasema mara ya pili, nikaambiwa dakika mbili. Waambie wodi nzima tunanyamazisha kengele kama mtu anayefukuza nzi, na tukitoka tunasema nishikie, na hakuna anayejua ameshika nini. Mimi nimekosa na nitakosa shule, sawa. Lakini usiniambie umenibeba. Ulikibeba kitanda cha mlangoni, usikose mtu wa kusema pole."

Ndani mwalimu alikuwa bado anapaza sauti. Kisha matroni akasema kwa uchovu kwamba suala lake litapelekwa juu, na mpaka hapo litakapoamuliwa, asiguse pampu. Akarudi ndani.

Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia alipofika nyumbani. Mama alikuwa kitini kwake, taa imekwisha kuwashwa. Binti alisimama katikati ya sebule hakuvua hata viatu, akasimulia yote toka mwanzo, bomba, friji, pamba, siku zote zile za kunyamaza. Alisimulia kwa hasira, haraka, kama anayetapika. Alipofika kwenye pamba mama aliinua mkono akagusa pembe ya jicho lake, akaushusha.

"Kwa hiyo shule umekosa," mama akasema mwishowe.

"Nimekosa. Labda na kazi."

"Na huyo mtu alikujibu nini?"

"Alinifukuza."

Mama alitikisa kichwa kukubali. "Hata mimi ningekufukuza. Ningekutukana kwanza, ndiyo nikufukuze." Akatazama ukuta. "Halafu labda ningelala."

Binti akainama kufungua viatu, mama akamzuia.

"Ngoja. Wewe si ni mmoja wao sasa?"

Hakuna mtu aliyewahi kumtukana tusi zito kama hilo, na lilikuwa kweli. Akasimama wima. "Ndiyo, mama."

"Basi nitazame uniambie."

Alimtazama. Kitini alikaa mwanamke aliyesuka nywele zake vizuri ili asionekane mwehu, na alikuwa amekaa hivyo, wima, miaka yote ile.

"Mama," akasema, "hukuota. Ulikuwa macho."

Mama akanyoosha kidole kuelekea mlangoni.

"Toka," akasema.

Akatoka. Akakaa kwenye kizingiti cha nje na viatu vyake vya kazi, hasira zake zote mapajani, hajui kesho ataamkia wapi. Nyuma yake alisikia kiti kikiburuzwa, miguu ikitembea taratibu kuelekea chumbani, na baadaye kidogo dirisha la mama likawa giza.